Kutafuta Habari za Kweli Kuhusu Maji na Afya

Weka vikombe viwili vya maji juu ya meza. Kikombe cha kwanza kina maji ya mvua yaliyokingwa kutoka kwenye paa la bati. Kikombe cha pili kina maji ya kisima kirefu kilichochimbwa katika miamba ya mkoa wa Singida. Maji yote yamechemshwa na kupoa. Sasa yatazame, yanuse, kisha yaonje kidogo.

Huenda usione tofauti yoyote. Rangi ni moja, harufu hakuna, na ladha zaweza kukaribiana sana. Hata hivyo, inawezekana kwamba katika kikombe kimoja mna kitu ambacho kikinywewa kila siku kwa miaka kadhaa kitayatia madoa meno ya mdogo wako, na madoa hayo hayatatoka kwa mswaki wala kwa mkaa. Katika kikombe cha pili kitu hicho karibu hakimo.

Katika masomo yaliyotangulia ulijifunza kuyachunguza mazingira yako kwa kutumia milango mitano ya fahamu: macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Milango hiyo inatufaa sana. Lakini yako mambo ya maji, ya chakula na ya hewa ambayo hayaingii kwa mlango hata mmoja katika hiyo mitano. Mambo hayo hapana budi tuambiwe na watu wengine. Je, tutajuaje kwamba anayetuambia anasema kweli? Hilo ndilo somo letu la leo.

Floraidi katika maji ya Singida

Kama unakaa Singida, au umewahi kupita huko, umeona mawe makubwa ya rangi ya kijivu yaliyolaliana kama mafungu ya magunia. Mawe hayo huitwa matale. Ni miamba ya zamani sana. Maji ya mvua yanapopenya ardhini hupita polepole katika nyufa za miamba hiyo, na kadiri yanavyokaa humo ndivyo yanavyoyeyusha madini kidogo kidogo. Miongoni mwa madini hayo mna floraidi.

Mvua ya Singida si nyingi, na jua ni kali. Mjini Singida kuna maziwa mawili, Singidani na Kindai. Mvua inaponyesha, maji hutiririka na kuingia katika maziwa hayo, lakini hakuna mto unaotoka humo kwenda baharini. Maji huondoka kwa kugeuka mvuke tu. Mvuke hauchukui madini; madini hubaki nyuma, nayo huzidi kulundikana mwaka hadi mwaka. Ndiyo sababu maji ya maziwa hayo yana chumvi.

Singida si peke yake. Mikoa ya Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Shinyanga, Mwanza na Mara nayo ina sehemu zenye floraidi nyingi katika maji. Katika baadhi ya mikoa hiyo floraidi hutokana na miamba ya volkano. Wala si kila kisima cha Singida kina floraidi nyingi. Visima viwili vilivyo katika kijiji kimoja vyaweza kutofautiana sana, kimoja kikawa na maji mazuri na kingine kikawa na floraidi iliyozidi. Jambo hili likumbuke, kwa maana tutalihitaji mbele.

Floraidi kidogo haidhuru. Husaidia kuyafanya meno yawe magumu yasioze, na ndiyo maana hutiwa katika dawa nyingi za mswaki. Ikizidi, mambo hugeuka. Mtoto aliye chini ya miaka minane hivi, ambaye meno yake ya ukubwani yangali yanajengeka ndani ya ufizi, akinywa floraidi nyingi, meno hayo huota yakiwa na mabaka meupe kama chokaa, au madoa ya kahawia, na pengine hupukutika vipande. Mtu akinywa floraidi nyingi mno kwa miaka mingi, hata mifupa na viungo vyake vyaweza kukakamaa na kumuuma.

Sasa ufikiri juu ya umri wako. Wewe uliye darasa la tano, meno yako mengi yamekwisha kujengeka. Yaliyo hatarini ni ya mdogo wako anayetambaa nyumbani na anayenyweshwa uji wa maji yale yale.

Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba maji ya kunywa yasiwe na floraidi zaidi ya miligramu 1.5 katika lita moja. Miligramu ni sehemu moja ya gramu iliyogawanywa mara 1,000. Piga hesabu: ndoo ya lita 20 yenye maji ya kiwango hicho ina miligramu 30 za floraidi. Kiasi hicho ni kidogo kuliko chumvi unayoweza kuibana kwa vidole viwili. Si ajabu kwamba macho hayawezi kuiona.

Jaribio

Fanya jaribio hili pamoja na mwalimu wako. Chukua lita moja ya maji safi ya kunywa, utie kijiko kidogo kimoja cha chumvi ya mezani, kisha ukoroge mpaka chumvi isionekane. Gawa maji hayo katika sufuria mbili zilizo safi. Sufuria moja iache kando. Ya pili ibandike motoni, uchemshe mpaka maji yabaki nusu ya yalivyokuwa. Yaache yapoe. Onja maji ya sufuria zote mbili.

Umeona nini? Maji yaliyochemshwa yamezidi chumvi. Moto umeondoa maji, haukuondoa chumvi. Floraidi nayo iko vivyo hivyo. (Usionje kamwe kitu usichokijua. Hapa tumeonja kwa sababu tunajua kwamba ni chumvi ya chakula.)

Bila shaka umefundishwa kuchemsha maji ya kunywa, na redio husema hivyo mara kwa mara wakati wa kipindupindu. Maneno hayo ni ya kweli kabisa. Moto huua viini vya kipindupindu, vya homa ya matumbo na vya kuhara damu. Endelea kuchemsha, lakini maji yakishatokota vizuri yaepue, usiyaache yakakauka motoni. Ila mtu akikuambia kwamba kuchemsha huondoa floraidi, amechukua habari ya kweli kuhusu jambo moja akaipeleka kwenye jambo lingine. Makosa ya namna hii ni mengi kuliko uongo wa makusudi, na ni magumu zaidi kuyatambua, kwa sababu msemaji mwenyewe anaamini asemayo.

Maneno ya kisimani

Tuseme katika kijiji fulani watoto wengi wana meno yenye madoa ya kahawia. Watu wakutanapo kisimani husemaje? Mmoja atasema kwamba watoto wa siku hizi hawapigi mswaki. Mwingine atasema ni urithi wa ukoo. Wa tatu atasema ni mahindi mekundu au maziwa ya mbuzi. Bibi mmoja mzee atasema, “Sisi tulipokuwa tukiteka maji kule mtoni, hatukuwa na meno haya. Yameanza tangu kilipochimbwa kisima hiki.”

Sikiliza vizuri maneno ya bibi huyo. Amesema jambo alilolishuhudia mwenyewe: hapo zamani madoa hayakuwapo, sasa yapo. Hilo ni shuhuda, nalo lina thamani kubwa. Wataalamu wengi wameanza kazi zao kwa kusikiliza maneno ya namna hiyo. Wale wengine watatu hawakutaja walichokiona. Wametaja sababu walizozidhania. Dhana si kosa. Kosa ni kuichukua dhana kana kwamba imekwisha kupimwa.

Basi jizoeshe kumwuliza kwa adabu kila anayekupa habari ya afya au ya mazingira: “Umejuaje jambo hilo?” Ukimwuliza mzee, anza kwa salamu na uombe ruhusa; si vema mtoto amhoji mtu mzima kama karani wa mahakama. Swali hili dogo hufanya kazi kubwa. Mwenye kushuhudia atakueleza alichokiona, mahali na wakati. Aliyepima atakueleza alivyopima. Aliyesikia tu atasema, “Nilisikia kwa watu,” nawe utajua kwamba safari ya kuitafuta kweli haijafika mwisho.

Miaka thelathini ya kutafuta

Usidhani kwamba watu wa Singida peke yao ndio waliosumbuliwa na madoa ya meno. Mwaka 1901 daktari kijana wa meno, Frederick McKay, alihamia katika mji wa Colorado Springs huko Marekani. Alishangaa kuona wenyeji wengi wakiwa na meno ya kahawia, mengine yakikaribia rangi ya chokoleti. Akatafuta habari katika vitabu vya udaktari, asipate kitu. Aliwauliza watu wa mjini. Wapo waliosema ni kula nyama ya nguruwe kupita kiasi. Wapo waliosema ni maziwa mabaya. Wengine wakasema ni maji.

McKay hakuchagua jibu lililompendeza. Alihesabu. Mwaka 1909 ilionekana kwamba karibu watoto 90 katika kila 100 waliozaliwa katika mji ule walikuwa na alama za madoa. Pamoja na daktari mashuhuri, G. V. Black, alichunguza meno hayo, wakagundua kwamba kasoro ilitokea wakati jino lilipokuwa likijengeka. Watu wazima waliohamia mjini wakiwa na meno yaliyokwisha kukomaa hawakupata madoa. Waligundua pia jambo wasilolitazamia: meno yale yenye madoa hayakuoza upesi kama mengine.

Mwaka 1923 McKay aliitwa katika mji mdogo wa Oakley, katika jimbo la Idaho. Wazazi wa huko walimwambia kwamba madoa yalianza kuonekana baada ya mji kujenga bomba la kuleta maji kutoka chemchemi ya maji moto. Unaona? Ni maneno kama yale ya bibi wa kisimani. McKay aliyapima maji yale, asione kitu cha kutilia shaka. Hata hivyo aliwashauri waliache bomba lile watumie chemchemi nyingine ya jirani. Wakafanya hivyo. Baada ya miaka michache watoto wadogo wa Oakley walianza kuota meno meupe.

Hapo ilikuwa dhahiri kwamba tatizo limo majini. Lakini ni kitu gani? Vipimo vya wakati ule havikuweza kukionyesha. Madoa yalionekana pia katika mji wa Bauxite, jimbo la Arkansas, uliokuwa mali ya kampuni ya alumini. Mkemia mkuu wa kampuni hiyo, H. V. Churchill, alikuwa na wasiwasi wake: watu walikuwa wakisema kwamba sufuria za alumini ni sumu, naye hakutaka madoa ya Bauxite yawape nguvu. Mwaka 1931 akayapima maji ya mji huo kwa njia mpya iliyo kali zaidi. Akakuta floraidi nyingi. Hakuamini macho yake. Alidhani maji yale yamechafuliwa njiani, akaagiza aletewe mengine. Akapima mara ya pili, jibu likawa lile lile. Kisha akamwandikia McKay amletee maji kutoka miji mingine yenye madoa. Yote yalikuwa na floraidi nyingi.

Tangu McKay alipoona madoa yale mpaka jibu lilipopatikana ilipita miaka 30. Ukitazama vizuri, kazi yenyewe haikuwa ya ajabu. Walihesabu wenye madoa na wasio na madoa, wakalinganisha mji mmoja na mji mwingine, wakapima, na kipimo kilipowashangaza wakakirudia. Churchill alikuwa na maslahi ya kampuni yake katika jambo hilo, nasi hatuna budi kulijua. Lakini matokeo yake yaliaminika kwa sababu maji ya miji mingine nayo yalipopimwa yalitoa jibu lile lile.

Nani apimaye maji yetu?

Siku hizi floraidi hupimwa kwa muda mfupi. Mpimaji huchukua sampuli ya maji katika chupa safi ya plastiki, maana floraidi yaweza kushikana na kioo. Kwanza huisuza chupa kwa maji yale yale. Kisha huandika juu ya chupa jina la chanzo cha maji, tarehe, saa, na jina la aliyeyachota. Sampuli isiyoandikwa haifai kitu, hata kama maji yake ni safi namna gani. Katika maabara, kifaa maalumu hutumbukizwa katika maji nacho huonyesha kiasi cha floraidi, au dawa hutiwa na rangi yake hubadilika kwa kadiri ya floraidi iliyomo.

Wizara ya Maji ina maabara za ubora wa maji katika mikoa mbalimbali, na Singida ni mmojawapo. Huduma ya maji ya vijijini husimamiwa na Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, yaani RUWASA, ulioanza kazi mwaka 2019. Mjini Singida iko mamlaka ya maji iitwayo SUWASA. Bodi ya Maji ya Bonde la Kati, inayoangalia mito, maziwa na maji ya ardhini katika sehemu hii ya nchi, ina ofisi yake mjini Singida. Kadhalika iko Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Hizo ndizo ofisi zinazoweza kujibu swali lako la “mmejuaje?” kwa kukuonyesha karatasi ya vipimo.

Karatasi hiyo nayo yahitaji kusomwa kwa uangalifu. Tazama kwanza jina la kisima, kwani, kama tulivyosema, kisima cha jirani chaweza kuwa na maji tofauti kabisa. Karatasi ya kisima cha shule haisemi lolote kuhusu kisima cha zahanati. Kisha tazama mwaka. Katika miaka ya 1970, kwa kuwa vijiji vingi vya Tanzania havikuwa na chanzo kingine cha maji, iliruhusiwa kwa muda maji ya vijijini yawe na floraidi hadi miligramu 8 katika lita moja. Baadaye kiwango hicho kikashushwa hadi miligramu 4. Mwaka 2018 kiwango cha taifa kikafanywa kuwa miligramu 1.5.

Sasa fikiri juu ya kisima kilichopimwa zamani, kikaonekana kuwa na miligramu 3. Karatasi yake iliandikwa “yanafaa”. Mpimaji hakudanganya, kwa kiwango cha siku zile maji yalifaa. Lakini mtu akiishika karatasi hiyo leo na kusema kwamba kisima ni salama, atakuwa anawapotosha wenzake kwa hati ya kweli. Kwa hiyo lisome neno “yanafaa”, kisha usiishie hapo: itafute hesabu iliyo karibu nalo, uilinganishe na kiwango cha sasa.

Mahindi ya mwaka 2016

Kuna mfano mwingine, wa chakula, uliotokea katika mikoa inayopakana na Singida. Mwezi Juni 2016 watu wa wilaya za Chemba na Kondoa, mkoani Dodoma, walianza kuugua ugonjwa ambao haukujulikana. Baadaye wakaugua pia watu wa Kiteto, mkoani Manyara. Macho ya wagonjwa yaligeuka manjano, walitapika, na matumbo yao yalijaa. Waliougua walifika 68, na 20 kati yao walikufa.

Ugonjwa usio na jina huzaa maneno mengi. Wataalamu walifanya kama alivyofanya McKay. Walikwenda nyumba kwa nyumba. Walichukua mahindi katika nyumba zilizokuwa na wagonjwa, wakachukua pia mahindi katika nyumba za jirani ambazo hazikuwa na mgonjwa. Kwa nini wahangaike na nyumba za watu wazima wa afya? Kwa sababu kama wangepima mahindi ya wagonjwa peke yake na kukuta sumu, mtu angeweza kusema kwamba huenda mahindi yote ya nchi yana sumu hiyo na watu hawaugui. Walipolinganisha, tofauti ilikuwa wazi: mahindi ya nyumba za wagonjwa yalikuwa na sumukuvu nyingi mno kuliko ya majirani.

Sumukuvu ni sumu inayotolewa na aina fulani za kuvu zinazoota katika mahindi, karanga na nafaka nyingine zilizohifadhiwa zikiwa hazijakauka vizuri. Sumu hiyo haionekani kwa macho, na kupika ugali hakuimalizi. Kukausha mazao sawasawa juu ya turubai badala ya udongo mtupu, na kuchambua punje zilizooza au kubadilika rangi, hupunguza sana hatari. Punje mbovu usimpe kuku, naye hudhurika.

Habari zisizo na mwenyewe

Siku hizi habari nyingi hutufikia kwa simu. Mtu hupokea ujumbe usemao kwamba mizizi fulani hutibu kipindupindu, au kwamba maji ya bomba yametiwa sumu, naye huupeleka kwa watu 20 wengine kabla hajaumaliza kuusoma. Aghalabu ujumbe huo hauna jina la mwandishi, hauna tarehe, wala hautaji mahali. Pengine husema “madaktari wamegundua” bila kutaja hata daktari mmoja. Tumekwisha kuona kwamba chupa ya maji isiyoandikwa haipokelewi katika maabara. Ujumbe usio na mwenyewe wastahili heshima gani kuliko chupa hiyo?

Yuko pia mtu anayeuza. Akija kijijini mchuuzi wa unga wa kung’arisha meno, au wa chujio la maji, huenda bidhaa yake ni nzuri. Lakini yeye ana sababu ya kuisifu. Mwulize chujio lake huondoa nini: matope, viini vya magonjwa, au floraidi? Hayo ni mambo matatu mbalimbali. Chujio la kawaida la kitambaa au la mchanga haliondoi floraidi. Katika kituo cha Ngurdoto, mkoani Arusha, wataalamu wa Wizara ya Maji wametengeneza chujio la mkaa wa mifupa ya ng’ombe, ambalo huondoa floraidi. Lakini mkaa huo huchoka baada ya muda, na hapana budi ubadilishwe.

Wakati tukingoja vipimo

Kupata karatasi ya vipimo kwaweza kuchukua siku nyingi, na mdogo wako anakunywa uji kila asubuhi. Ufanye nini?

Mvua za Singida huanza kunyesha mwezi wa Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili. Maji ya mvua hayajapita katika miamba, kwa hiyo karibu hayana floraidi. Nyumba yenye paa la bati na mfereji yaweza kukinga maji mengi. Mvua ya kwanza iache ilisafishe paa, kisha ukinge katika chombo safi chenye mfuniko. Maji hayo yachemshwe kwa ajili ya viini vya magonjwa. Yakiwa machache, yatengwe kwa kunywa na kupikia chakula cha watoto wadogo. Maji ya kisima yatumike kufulia, kuogea na kufyatulia matofali.

Mwambie mama apunguze magadi katika maharage na mboga, kwa kuwa magadi nayo huwa na floraidi, na pengine nyingi. Mtoto mdogo apigapo mswaki, atiwe dawa kidogo tu, ya ukubwa wa punje ya choroko kubwa, na afundishwe kuitema.

Habari za kisima chako zaanzia karibu. Mwalimu wako anaweza kuwaongoza kumwona bwana afya wa kata, au kamati ya maji ya kijiji. Nendeni na daftari. Ulizeni kisima kilichimbwa mwaka gani, kilipimwa lini, na nani, na floraidi ilikuwa miligramu ngapi katika lita moja. Mkiambiwa kwamba hakijapimwa, hilo nalo ni jibu, tena ni jibu la manufaa: liandikeni, mtie tarehe, na mwombe barua yenu ifikishwe RUWASA.

Maswali na kazi

1. Kwa nini maji ya ziwa Singidani yana chumvi?

2. Ndoo ya lita 20 imepimwa ikaonekana ina miligramu 80 za floraidi. Je, kila lita ina miligramu ngapi? Maji hayo yamezidi kiwango cha sasa au hayakuzidi?

3. Mtu asema, “Kisima chetu ni salama, kwa kuwa babu yangu aliyanywa maji yake miaka 60 na meno yake ni meupe.” Ungependa kujua nini kuhusu kisima hicho na kuhusu utoto wa babu huyo kabla ya kukubali?

4. Kwa nini wataalamu wa mwaka 2016 walipima pia mahindi ya nyumba zisizokuwa na wagonjwa?

5. Kwa muda wa juma moja, andika katika daftari kila habari ya afya au ya mazingira utakayoisikia nyumbani, redioni, sokoni au katika simu ya mtu mzima. Mbele ya kila habari andika aliyeisema, na jibu alilotoa ulipomwuliza amejuaje. Leteni madaftari darasani myalinganishe.